Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani: mpangilio wa jumba, namna lilivyojengwa na namna linavyobomoka

#1 Mrima_Kusini (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Nyuzi za Kilwa humu zinaishia kwenye Msikiti Mkuu na Gereza (ngome ya zamani), kwa kuwa ndivyo mtu anavyovikuta mwanzo akishuka chomboni. Husuni Kubwa hutajwa kwa mstari mmoja tu, "ikulu ya sultani", kisha watu wanaendelea na mengine. Huu uzi ni wake peke yake. Mwenye ujuzi wa mawe, wa chokaa au wa maandishi ya kale, karibu uchangie.

Jumba liko mashariki ya mji wa kale, zaidi ya kilomita moja kutoka Msikiti Mkuu, juu ya genge (ukingo wa mwamba) linalotazama mkondo wa bahari. Mjenzi wake ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa ukoo wa Mahdali, aliyetawala takriban 1310 hadi 1333 na kujulikana kwa lakabu ya Abu'l-Mawahib kwa sababu ya utoaji wake. Tunamjua kuwa ndiye kwa sababu wachimbuaji waliokota vipande vya mawe ya matumbawe vilivyochongwa maandishi ya Kiarabu yenye jina lake na cheo cha al-Malik al-Mansur. Uchimbuaji huo uliongozwa na Neville Chittick mwanzoni mwa miaka ya 1960. Peter Garlake naye alipima majengo na kuchora ramani ambazo mpaka leo ndizo watu wanazianzia.

Ukitaka kulielewa jumba, lisome kutoka kusini kwenda kaskazini, yaani kutoka upande wa nchi kavu kuelekea ncha ya genge. Kusini kuna ua mkubwa uliozungukwa na safu za vyumba pande zote. Vyumba vimepangwa kwa mafungu, cha mbele kikipokea mwanga wa ua na cha nyuma kikiwa na giza. Hapa ndipo penye biashara: bohari za mali na mahali pa wafanyabiashara kusubiri, kuhesabiwa na kulipa. Usisahau kwamba dhahabu iliyotoka bara ya Zimbabwe ilishukia Sofala (bandari ya Msumbiji ya leo), na Kilwa ndiyo iliyoshika njia hiyo na kuitoza ushuru. Sarafu ya shaba yenye jina la sultani huyuhuyu imewahi kuokotwa Great Zimbabwe kwenyewe.

Ukivuka ua huo unaingia sehemu ya ikulu. Kuna ua wa baraza wenye ngazi pana, ambapo sultani aliketi juu na watu wakawa chini, na kuta zake zina zidaka vya kuwekea taa. Kuna hodhi la pembe nane. Halafu, kwenye ncha kabisa ya genge, ni makazi yenyewe, na ngazi zinazoteremka hadi ufukweni. Mgeni wa baharini alipanda moja kwa moja kwa mwenyewe, na mzigo ukaingilia upande wa nyuma. Jumba zima lina vyumba zaidi ya 100 na urefu unaopita mita 100, lote la ghorofa moja isipokuwa sehemu chache.

Hoja yangu ni hii: jumba hili lilibuniwa kwa mara moja, na mtu mmoja aliyejua anataka nini. Nyumba nyingi za mawe za pwani ziliongezwa chumba baada ya chumba, kizazi baada ya kizazi. Hapa mistari inaendana, pembe zinarudiana, na ua mmoja unakupeleka kwenye mwingine kwa makusudi.

#2 Kipwani

Mkuu, asante kwa uzi. Swali: si ilikuwa ngome? Jina lenyewe linaelekea huko (husuni maana yake ni ngome), na imewekwa juu ya genge.

#3 Mrima_Kusini

Hapana, mkuu Kipwani. Ngome ina ukuta mnene wa nje, minara na lango moja la kulindwa. Husuni Kubwa haina minara, kuta zake ni za unene wa nyumba, kiasi cha nusu mita, na upande wa bahari umefunguliwa kwa ngazi. Genge lilichaguliwa kwa ajili ya upepo na kuonekana. Chombo chochote kilichoingia bandarini kililiona jumba kabla ya kuona mji.

Chenye sura ya ngome ni jirani yake, Husuni Ndogo, ng'ambo ya korongo dogo lililoko mashariki. Ni boma la mstatili lenye ukuta mnene na minara iliyojazwa mawe kwenye pembe na katikati ya kuta, huku ndani pakiwa karibu patupu. Wengine wanasema ni kambi, wengine soko, wengine boma la kuhifadhia watu na mali. Mimi naona ghala lenye ulinzi ndilo linaloendana na ua wa kusini wa Husuni Kubwa, ila hoja haijafungwa.

#4 Tezo

Nichangie upande wa mawe, maana hapo ndipo siri ya jumba ilipo.

Kuna mawe ya aina mbili, na kazi zake hazichanganywi. La kwanza ni la kuchimbwa nchi kavu, matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba: gumu, lenye matundu, halichongeki vizuri. Hilo ndilo mwili wa ukuta. Linapasuliwa vipande, vinapangwa nyuso mbili, ya ndani na ya nje, na katikati panajazwa vipande vidogo na chokaa nyingi. Ukuta unapandishwa kwa awamu. Unapanda kimo fulani, unasawazisha, unaacha ushike, ndipo unaendelea. Ukiharakisha, uzito wa juu unaisukuma chokaa ambayo haijakomaa na ukuta unatoa tumbo.

La pili ni tumbawe bichi la baharini. Likitolewa majini ni laini kiasi cha kukatwa kwa tezo na kuchongwa kwa patasi, na likikauka linakuwa gumu. Hilo ndilo la fremu za milango, matao, pambo na maandishi. Tazama fremu za milango Husuni Kubwa: kingo zimenyooka, viungo vimebana, na pambo lake ni mistari ya mishazari inayokutana pamoja na vitufe vya duara. Fundi alikuwa na muda mfupi wa kufanya kazi hiyo, kwa hiyo mawe hayakuweza kurundikwa kwa miezi yakingoja. Kazi ya baharini na kazi ya ujenzi zilikwenda kwa ratiba moja.

Sasa dari. Dari ya kawaida ya pwani ni boriti za mikoko, juu yake vipande bapa vya mawe, juu yake zege ya chokaa na kokoto za matumbawe iliyopigwapigwa hadi ishikane. Zege ya unene wa sentimita 30 inazidi nusu tani kwa kila mita ya mraba. Boriti haiwezi kuubeba mzigo huo ikiwa ndefu, na ndiyo maana vyumba vya mawe vya pwani nzima, kuanzia Lamu hadi Kilwa, vina upana unaozungukia mita 2.5 hadi 2.8. Urefu unaweza kuongeza utakavyo, upana huwezi. Chumba cha pwani kimebanwa na mti wake.

Ndipo unapoona al-Hasan alivyotaka kutoka kwenye kifungo hicho. Sehemu za ikulu hazikuezekwa kwa boriti bali kwa makuba na dari zilizopinda kama nusu ya pipa lililolazwa, na nyingine za umbo la pia (koni) zenye mifereji kwa ndani. Hizo hazihitaji mti kabisa zikishakamilika. Zinahitaji mbao za kushikilia wakati wa kujenga, chokaa iliyokomaa, na kuta zitakazostahimili kusukumwa kwenda nje, maana kuba halikandamizi chini tu, linapanua pia. Sultani huyuhuyu aliongeza Msikiti Mkuu kwa upande wa kusini na kuuwekea kuba kubwa kuliko yote ya pwani kwa zama zake. Upanuzi huo ulianguka baadaye, ukajengwa upya karne ya 15 kwa nguzo nene za pembe nane. Ukisimama leo chini ya makuba ya msikiti unaona suluhisho la waliokuja baada yake: nafasi fupi kati ya nguzo, nguzo nyingi zaidi, mzigo uliogawanywa.

#5 BintiPande

Kaka Tezo, umenena vyema. Naongeza la maandishi, maana kuna jambo watu hulikwepa.

Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyeandika safari zake, alifika Kilwa mwaka 1331, sultani huyu akiwa hai. Ameusifu mji kwamba ni miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vizuri, kisha anasema nyumba zake ni za mbao na zimeezekwa kwa majani. Jumba la mawe la vyumba 100 halitaji. Wapo wanaosema basi hakufika, au jumba lilijengwa baadaye. Hayo hayalazimiki. Maandishi yanalifunga jumba na jina la al-Hasan. Na Chittick alionyesha kwamba lilikaliwa kwa muda mfupi tu, na baadhi ya sehemu inaonekana hazikukamilika. Inawezekana kabisa mwaka 1331 kazi ilikuwa bado inaendelea nje ya mji, na mgeni akapokelewa mjini. Na kwamba mji ulikuwa wa mbao kwa sehemu kubwa ni kweli kabisa. Nyumba za mawe zilikuwa za wachache, waliobaki waliishi kwenye nyumba za miti na udongo, na nyumba hizo hazikuacha magofu.

Anachokieleza kwa urefu ni ukarimu. Fakiri kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa, akapewa palepale. Mwana wa sultani akazikomboa kwa watumwa kumi, na baba alipoona watu wanashukuru akaamuru apewe wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Someni kisa hicho kwa macho mawili, wapendwa. Watumwa ishirini wanatolewa zawadi kwa mtu mmoja. Ibn Battuta anasema pia kwamba sultani alikuwa akishambulia watu wa bara na kuchukua mateka na ngawira. Mali iliyopandisha kuta hizi ilitoka kwenye dhahabu, pembe, na watu. Mwongozaji anayepeleka wageni pale na kusimulia dhahabu peke yake ameacha theluthi mbili za habari.

#6 Kipwani

Je, mafundi walitoka wapi? Kuna wanaosema ni Waajemi au Waarabu ndio waliojenga, sisi tulibeba mawe.

#7 Tezo

Mkuu, gawanya swali mara mbili: kazi ya mkono na wazo la ramani.

Kazi ya mkono ni ya hapahapa. Ujenzi wa matumbawe pwani ulikuwa na karne kadhaa nyuma yake wakati jumba linaanza. Uchimbuaji wa Shanga, kisiwa cha Pate, umeonyesha misikiti ikijengwa juu ya misikiti mahali pamoja, ya miti kwanza kisha ya mawe, bila kuruka hatua. Sehemu ya kaskazini ya Msikiti Mkuu wa Kilwa nayo imemtangulia al-Hasan kwa zaidi ya karne moja. Anayejua tumbawe likatwe lini na lifungwe kwa chokaa gani ni mtu wa pwani hii, hakuna mahali pengine pa kujifunza mchanganyiko huu wa mawe yetu na mikoko yetu.

Wazo la ramani ndilo lina harufu ya mbali: nyua zinazofuatana, hodhi la pembe nane, baraza la kupokea watu kwa daraja. Na hilo lina maelezo ya wazi. Historia ya Kilwa iliyoandikwa zamani inasema al-Hasan akiwa kijana alikwenda hija na kukaa Aden miaka miwili akisoma. Aliona majumba ya watawala wa huko akiwa na umri wa kuvutika. Alirudi na picha kichwani, na mafundi wa Kilwa wakaijenga kwa njia yao. Hakuna aibu yoyote hapo, majumba ya kifalme ya dunia nzima yamejengwa hivyo.

#8 BintiPande

Ongeza na vyombo. Kwenye uchimbuaji wa Husuni Kubwa ilipatikana chupa ya kauri ya Uchina, ya enzi ya Yuan, ya miaka ya 1300 hivi. Watu waliokaa pale walikula na kunywa kwenye vyombo kutoka upande mwingine wa bahari, ndani ya kuta zilizopakwa chokaa ya Kilwa.

#9 Msafiri_Rufiji

Wakuu, kwa nini likaachwa? Jumba la gharama hiyo linaachwaje baada ya kizazi kimoja?

#10 Mrima_Kusini

Sababu ni zaidi ya moja, na zinashikana. Baada ya al-Hasan alitawala ndugu yake Daud, na Ibn Battuta mwenyewe anamtaja kuwa kinyume chake kwa utoaji. Ikulu iliyojengwa kwa ajili ya kupokea na kugawa haina kazi kwa mtawala asiyegawa. Pili ni umbali. Jumba liko nje ya mji, kila kitu kinabebwa: chakula, kuni, maji. Tatu, kuelekea katikati ya karne ya 14 biashara ya dhahabu inaonekana kudorora. Wanahistoria kadhaa wanaihusisha na tauni kubwa iliyozikumba Misri na Ulaya kuanzia 1347, ikapunguza wanunuzi. Upanuzi wa Msikiti Mkuu nao ukaanguka na kukaa gofu kwa miongo, jambo linaloonyesha kwamba pesa za kujenga hazikuwepo. Kilwa iliporudi kusimama karne ya 15, watawala walikaa mjini.

Hodhi linaonyesha shida ya maji vizuri kuliko kitu chochote. Hakuna chemchemi juu ya genge. Kila tone lilifika kwa mikono ya watu, na lipu ya hodhi ilihitaji kupakwa upya kila ilipofanya ufa. Mwenye uwezo wa kuliweka limejaa alikuwa anatangaza kwamba ana watu wa kutosha kufanya kazi hiyo kila siku. Watu wakipungua, hodhi ndilo linalokauka mwanzo.

#11 FundiChokaa

Nimesoma yote kwa furaha. Sasa tuongee kinacholiua jumba leo, maana hapo kuna makosa yanarudiwa.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, na yakatolewa humo 2014 baada ya kazi ya ukarabati. Kutolewa hakumaanishi adui ameondoka. Kwa Husuni Kubwa adui wa kwanza ni mvua. Wengi hudhani ni mawimbi. Mawimbi yanakula chini ya genge, ni kweli, lakini kuta zilizoko ukingoni zinadondoshwa na maji yanayotiririka kutoka juu na kuchukua udongo ulio chini ya misingi.

Na hapa kuna mtego. Miti iliyoota kwenye genge inapunguza nguvu ya maji na kushika udongo, lakini mizizi yake hiyohiyo inaingia kwenye viungo vya mawe na kuvipasua. Ukifyeka yote, masika moja yanaweza kuondoka na ukingo. Ukiiacha yote, kuta zinafunguka. Kinachofaa ni kuchagua: nyasi na vichaka vya mteremkoni vibaki, mti uliopanda juu ya ukuta uondolewe. Na usiung'oe. Mzizi uliokwisha kuzunguka mawe ukiuvuta unakuja na ukuta. Kata shina karibu na jiwe, ua kisiki kisichipue tena, subiri kioze, ndipo toa kilichobaki kidogokidogo na kujaza pengo kwa rojo ya chokaa.

Pili ni vichwa vya kuta. Ukuta wa matumbawe wenye dari unaishi karne nyingi. Dari ikiondoka, maji yanaingia kupitia juu hadi kwenye kiini, yanayeyusha chokaa polepole, na nyuso mbili alizozitaja Tezo zinaachana. Ukiona ukuta una tumbo katikati na ufa juu, hiyo ndiyo hadithi yake.

#12 Msafiri_Rufiji

Kwa nini wasipige saruji tu juu, wakamaliza?

#13 FundiChokaa

Saruji ndiyo imeharibu magofu mengi ya pwani, ndugu. Ni ngumu kuliko tumbawe na haipitishi unyevu. Ukuta wa matumbawe unapumua: maji yanaingia, jua likiwaka yanatoka kupitia chokaa. Ukiziba uso kwa saruji, unyevu unatafuta njia kwenye jiwe lenyewe. Chumvi ya bahari iliyomo inakauka ndani ya matundu, inakuwa fuwele, inatanuka na kulivunja jiwe kuwa unga. Baada ya miaka kadhaa saruji imesimama nzima na nyuma yake pametoboka. Na ukijaribu kuiondoa inaondoka na uso wa jiwe la miaka 700.

Chokaa inavyotengenezwa: kuni zinapangwa duara, tabaka juu ya tabaka, na vipande vya matumbawe juu yake. Moto unaanzia katikati na unapaswa kufikisha jiwe nyuzi joto 900 hivi. Jiwe lililoiva ni jepesi na likipata maji linachemka na kusambaratika. Lisilochemka halijaiva, litoe, maana likibaki kwenye lipu linakuja kufura baadaye na kutoa vishimo. Baada ya kuzimwa, chokaa ichujwe na kuachwa ikiwa imefunikwa na maji kwa miezi, kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa laini na kushika.

Mchanganyiko wa kujengea ni ndoo moja ya chokaa kwa tatu za mchanga. Mchanga uwe wa bara, wenye chembe kali. Ukilazimika kutumia wa pwani, uoshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara kadhaa, la sivyo lipu itatoa unga mweupe na kubanduka. Paka tabaka la sentimita moja, si zaidi, liache likaze, ndipo la pili. Chokaa haikauki kama saruji, inakomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa polepole, na inahitaji unyevu wakati inafanya hivyo. Kwa hiyo lowanisha ukuta kabla ya kupaka, funika kwa magunia mabichi, nyunyizia asubuhi na jioni kwa wiki nzima angalau. Lipu iliyokaushwa na jua la mchana inakuwa unga mikononi.

#14 BintiPande

Kwa wanaotaka kwenda: kibali kinachukuliwa Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, na mwongozaji ni lazima. Mkondo ni mfupi, mashua ya injini inavuka kwa dakika chache, dau linategemea upepo. Mwambieni nahodha mapema kwamba mnataka Husuni Kubwa pia, maana safari nyingi zinageukia mjini. Tengeni angalau saa nne kwa kisiwa. Vaeni viatu vyenye soli ngumu, matumbawe yanakata. Msipande juu ya kuta kupiga picha, hasa za upande wa genge.

#15 Tezo

FundiChokaa, kichwa cha ukuta unakifunikaje bila kubadilisha sura yake? Wengine wanajenga kofia ya kunyooka na ukuta unaonekana mpya.

#16 FundiChokaa

Kofia isinyooke, Tezo. Ondoa kwanza mawe yaliyolegea, piga picha kila moja lilipokuwa, safisha udongo na mizizi. Rudisha mawe yaleyale kwa kufuata mkato wa gofu, juu na chini kama lilivyobomoka, ukijaza katikati kwa zege ya chokaa na kokoto za matumbawe. Mgongo wa katikati uwe juu kuliko kingo ili maji yamwagike pande zote mbili, na pasibaki shimo la kutuamisha maji hata kidogo. Kwenye kuta za ukingoni yaelekeze maji upande wa uani, mbali na genge, na uani pawe na mtaro wa kuyapeleka kwenye mteremko wenye nyasi. Kazi ianze masika yakiisha, Juni au Julai, ili chokaa ipate miezi mitatu ya kukomaa kabla ya vuli. Ukianza Oktoba, mvua ya kwanza inaiosha.